Vijidudu vya Ngozi na Pumu ya Ngozi Isiyokwisha

Pumu ya ngozi, ambayo vitabu vya tiba huiita ukurutu wa mzio, ni ugonjwa unaofanya ngozi ikauke, iwashe na kuvimba, ukatulia kwa muda kisha ukarudi. Kwa walio wengi huanza kabla ya umri wa miaka mitano: kwanza mashavuni mwa mtoto mchanga, baadaye kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Katika ngozi nyeusi, wekundu unaotajwa na vitabu vya Ulaya hauonekani vizuri. Kinachoonekana ni vipele vidogo vidogo kwenye vinyweleo, ngozi iliyopauka, na mahali palipokunwa kwa miaka panapokuwa pagumu, peusi na penye mistari mirefu. Mtu haambukizwi ugonjwa huu na mwenzake. Hilo lisemwe mapema, maana habari inayofuata ni ya bakteria, na bakteria wakitajwa watu huanza kumtengea mgonjwa beseni na taulo.

Katika tarafa ya Mlola na sehemu nyingine za milima ya Lushoto, ugonjwa huu una majira yake. Vilele vya Usambara Magharibi hupita mita 2,000, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi huwa ya kuuma. Ni miezi ya masweta, ya kuota moto jikoni na ya kuoga maji ya moto, mambo matatu ambayo ngozi yenye ukurutu hayapendi. Mzazi anayemwona mtoto anajikuna hadi kutoka damu hufanya kile ambacho mzazi yeyote angefanya: hununua dawa ya kuua vijidudu. Swali la uchambuzi huu ni kama vijidudu ndio wenye kosa, na kama kuwaua kunasaidia.

Ngozi yenye afya haikosi wakazi. Kila sentimita ya mraba hubeba bakteria kuanzia maelfu hadi mamilioni, kutegemea mahali. Usoni na mgongoni, penye mafuta, hutawala bakteria wa jamii ya Cutibacterium. Kwapani na mikunjoni, penye unyevu, wako stafilokoki na korinebakteria. Mkononi, penye ukavu, kuna mchanganyiko mkubwa zaidi. Pamoja nao wako kuvu wa jamii ya Malassezia, ambao chakula chao ni mafuta ya ngozi. Mtoto huanza kuwapokea siku anayozaliwa, kutoka kwa mama yake na kwa kila anayempakata.

Wengi wa wakazi hawa ni wa faida. Staphylococcus epidermidis na Staphylococcus hominis hutengeneza protini fupi zinazoua bakteria wageni. Wengine huvunja mafuta ya ngozi na kuacha asidi, na asidi hiyo ni sehemu ya sababu kwamba pH ya ngozi nzima hukaa karibu na 5. Kipimo hicho kidogo kina kazi kubwa: bakteria wengi wa madhara hukua vibaya kwenye uchachu, na vimeng'enya vinavyomenya tabaka la juu la ngozi hupungua kasi.

Kwa mwenye pumu ya ngozi mpangilio huu huvurugika, na anayechukua nafasi ni mmoja: Staphylococcus aureus. Mwaka 1974 James Leyden, Richard Marples na Albert Kligman, watafiti wa Marekani, walionyesha kwamba bakteria huyu hukaa kwa wingi mno kwenye vidonda vya ukurutu. Tangu hapo matokeo hayo yamerudiwa mara nyingi. Mwaka 2016 watafiti wa Uholanzi walikusanya tafiti 95 na kukuta kwamba asilimia 70 ya wagonjwa walikuwa naye kwenye sehemu zilizoathirika, na asilimia 39 hata kwenye ngozi yao iliyoonekana nzima.

Utafiti uliofungua macho zaidi ni wa Heidi Kong, Julia Segre na wenzao, uliotoka mwaka 2012. Badala ya kuotesha bakteria kwenye sahani za maabara, walisoma vinasaba vya bakteria waliokuwa kwenye ngozi ya watoto, wakawafuata watoto hao wakati ugonjwa umetulia, ulipowaka, na baada ya matibabu. Ugonjwa ulipowaka, aina za bakteria zilipungua sana na S. aureus akajaa. Watoto walipotibiwa, mchanganyiko ulirudi. Jambo la kukumbuka ni kwamba kwa waliokuwa wanatibiwa mara kwa mara, wingi wa aina haukushuka vile hata ugonjwa ulipowaka. Mwaka 2017 kundi hilohilo lilikwenda hatua ya pili: lilichukua S. aureus kutoka kwa watoto wenye ugonjwa mkali na kumpaka kwenye ngozi ya panya. Ngozi ya panya ilinenepa na kujaa seli za mzio. S. aureus waliotoka kwa watu wenye afya hawakufanya madhara ya kiwango hicho. Kwa hiyo jina la bakteria halitoshi, kwani ndani ya jina moja wako wakali na wapole.

Namna anavyodhuru imeanza kueleweka vizuri. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza kwamba sumu yake iitwayo delta huzichochea seli za kinga zenye histamini zimwage mzigo wao, na hivyo kuamsha mzio. Sumu zake nyingine huzizindua seli za kinga nyingi kwa mkupuo, bila mpangilio. Ana pia vimeng'enya vya kukata protini, ambavyo hufungua njia kwenye ukuta wa ngozi. Kimoja cha vimeng'enya hivyo, V8, kiligunduliwa mwaka 2023 na maabara ya Isaac Chiu huko Harvard kuwa kinagusa moja kwa moja mishipa ya fahamu na kuleta mwasho. Ugunduzi huo ni muhimu kuliko unavyosikika. Kwa muda mrefu ilifikiriwa kwamba mwasho ni matokeo ya uvimbe tu. Sasa inaonekana kuwa bakteria anaweza kumfanya mtoto ajikune hata kabla uvimbe haujakua, na kucha za mtoto zikishachana ngozi, bakteria huyohuyo hupata mahali pa kuingia.

Lakini S. aureus yuko puani mwa watu wazima wengi wasio na ugonjwa wowote, kwa makadirio ya kawaida kati ya robo na theluthi yao. Kwa nini ngozi ya mmoja humkaribisha na ya mwingine humfukuza? Jibu la kwanza lilitoka Dundee, Uskoti, mwaka 2006, pale Irwin McLean, Alan Irvine na wenzao walipoonyesha kwamba watu wengi wenye ukurutu huko Ulaya wana kasoro kwenye jeni la filagrini. Hii ni protini inayokaza tabaka la juu la ngozi, na inapovunjika huacha asidi zinazoshika maji. Ikipungua, ngozi hupoteza maji, pH hupanda, na S. aureus hushika vizuri zaidi.

Jibu hilo halikusafiri vizuri kuja Afrika. Mwaka 2011 watafiti waliwapima wagonjwa wa Ethiopia na hawakukuta kasoro zile za Ulaya. Afrika Kusini nako, kwa watoto wa Kixhosa, hazikuwa sababu kubwa. Ngozi ya Mwafrika mwenye ukurutu ni kavu na inavuja kama ya mwingine, ila njia iliyoifikisha hapo si lazima iwe jeni hilo. Sehemu ya njia yenyewe ni uvimbe. Mwaka 2002 ilionyeshwa kwamba ngozi yenye ukurutu hutengeneza kidogo mno zile protini za asili za kuua bakteria, ukilinganisha na ngozi yenye soriasisi, ugonjwa mwingine wa uvimbe. Wanaozizuia ni wajumbe wawili wa kinga, interlukini 4 na interlukini 13, na wajumbe haohao huzuia pia utengenezaji wa filagrini. Hivyo mtu aliyezaliwa na filagrini kamili anaweza kuipoteza kwa sababu ya mzio wenyewe.

Hapo ndipo mjadala ulipo: ni nani alitangulia, bakteria au ukurutu? Nchini Uswisi watoto wachanga walifuatwa tangu kuzaliwa, na ripoti ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba S. aureus alionekana kwenye ngozi ya baadhi yao kabla ukurutu haujatokea. Mwaka huohuo utafiti wa Ireland ulitoa picha tofauti. Watoto waliokuja kuugua hawakuwa na S. aureus zaidi ya wenzao, ila walikuwa na upungufu wa stafilokoki wapole walipokuwa na miezi miwili. Tafiti hizi mbili hazijapatanishwa kikamilifu, na huenda zote zina ukweli kwa watoto tofauti.

Ushahidi wenye uzito zaidi umetoka kwenye tiba. Dawa ya sindano iitwayo dupilumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, huwazuia wale wajumbe wawili wa kinga na haiui bakteria yeyote. Hata hivyo wagonjwa wakiitumia, S. aureus hupungua na aina nyingine hurudi. Hii ina maana kwamba bakteria huyo anategemea uvimbe ili astawi, kama vile uvimbe unavyomtegemea yeye ili uendelee. Anachochea ugonjwa kwa nguvu, lakini kwa wagonjwa wengi hakuuanzisha, na akiondolewa peke yake huku ngozi imebaki kavu na imevimba, atarudi baada ya wiki chache.

Majaribio ya kumwua yanathibitisha hivyo. Huko Uingereza watoto 113 wenye ukurutu ulioonekana kushambuliwa na bakteria kwa kiwango kidogo walipewa ama antibaiotiki ya kunywa, ama ya kupaka, ama dawa bandia, wote wakiendelea na mafuta na steroidi. Matokeo yalitoka mwaka 2017: antibaiotiki hazikuongeza faida yoyote ya maana. Mapitio makubwa ya Cochrane ya mwaka 2019 yalifikia hitimisho linalokaribiana na hilo. Maji ya kuoga yenye jiki kidogo sana, ambayo yalianza kusifiwa baada ya utafiti wa Chicago wa mwaka 2009, yamekuwa na matokeo ya kuyumba. Baadhi ya mapitio yaliona nafuu ndogo, mengine hayakuona tofauti na maji matupu. Kwa kuwa nguvu ya jiki hutofautiana chupa kwa chupa, na kipimo kikizidi ngozi huungua, si jambo la kujaribu nyumbani bila maelekezo ya mhudumu wa afya.

Wengine wamejaribu kuongeza bakteria badala ya kuwaua. Richard Gallo na Teruaki Nakatsuji wa San Diego walichagua S. hominis mwenye uwezo wa kumwua S. aureus, wakamjaribu kwa wagonjwa 54 kwa wiki moja. Ripoti ya mwaka 2021 ilisema ni salama na S. aureus alipungua, ingawa ukali wa ugonjwa kwa jumla haukutofautiana sana na wa waliopakwa mafuta matupu. Bakteria mwingine, Roseomonas mucosa, alileta matumaini mwaka 2018, lakini dawa ya kampuni iliyotengenezwa kwa kumtumia ilishindwa kufikia lengo lake katika jaribio la mwaka 2021. Njia hii inastahili kuendelezwa. Kwa sasa hakuna krimu ya bakteria ambayo mgonjwa wa Mlola au wa London anapaswa kuitolea fedha yake.

Afrika Mashariki ina mchango wake katika swali hili, nao ni wa kushangaza. Kati ya mwaka 2003 na 2005, wanawake wajawazito 2,507 waliandikishwa Entebbe, Uganda, katika utafiti wa dawa za minyoo. Watoto walipokua ilionekana kwamba wale ambao mama zao walipewa albendazoli wakati wa ujauzito waliugua ukurutu zaidi kuliko ambao mama zao walipewa dawa bandia. Kwa prazikwanteli hali ilikuwa hivyo kwa watoto wa mama waliokuwa na kichocho. Inaelekea minyoo ya mama huifundisha kinga ya mtoto kustahimili. Hakuna daktari anayeshauri mjamzito abaki na minyoo, kwani upungufu wa damu unaoletwa na minyoo unaua. Utafiti huo unasaidia kueleza kitu kingine: kwa nini ukurutu huonekana zaidi mijini, ambako minyoo, udongo na mifugo viko mbali na mtoto. Nchini Afrika Kusini, watoto wa Kixhosa wa Cape Town na wale wa vijijini karibu na Mthatha walilinganishwa, na kotekote wenye ukurutu walibeba S. aureus zaidi kuliko wasio nao. Kijiji hupunguza idadi ya wagonjwa, lakini anayeugua kijijini hukutana na bakteria yuleyule.

Na bakteria huyo ana sura yake Afrika. Mtandao wa utafiti wa Kiafrika na Kijerumani, ambao Ifakara ilikuwa mojawapo ya vituo vyake, ulikuta kwamba S. aureus wa Afrika hubeba mara nyingi zaidi sumu ya kuua chembe nyeupe za damu, ile inayoleta majipu. Aina zisizosikia antibaiotiki za kawaida zimeripotiwa katika hospitali za Muhimbili, Bugando na KCMC. Kila tyubu ya antibaiotiki inayopakwa bila sababu hufanya kazi ya kuwachuja, wapole wakafa na sugu wakabaki.

Mambo yanayoweza kubadilishwa katika nyumba ya kawaida ya Usambara yako karibu zaidi. La kwanza ni sabuni. Sabuni ya mche inayofulia nguo ndiyo pia inayoogesha watoto katika nyumba nyingi, na pH yake hufika 9 au 10. Ikipita kwenye ngozi huondoa mafuta na kuipandisha ile pH ya 5 kwa saa kadhaa. Sabuni za dawa zenye harufu kali haziponyi kosa hilo. Hukausha zaidi, na huua wapole pamoja na wakali. Mtoto mwenye ukurutu anahitaji maji ya vuguvugu, yasiyounguza kiwiko cha mama akiyapima, dakika tano au kumi, na sabuni laini kidogo kwapani, sehemu za siri na miguuni tu. Akitolewa kwenye beseni afutwe kwa kugusagusa, asisuguliwe, na mafuta yapakwe ngozi ikiwa bado ina unyevu.

Vaselini isiyo na manukato inatosha na inapatikana kila duka. Mafuta ya nazi ya baridi, yasiyochanganywa, nayo yana ushahidi: huko Ufilipino, mwaka 2008, yalipunguza S. aureus kwa watu wazima wenye ukurutu zaidi kuliko mafuta ya zeituni, na minazi ya pwani ya Tanga haiko mbali. Ni vizuri kujua mpaka wa mafuta haya. Jaribio la Uingereza la watoto 1,394, lililotolewa mwaka 2020, lilionyesha kwamba kumpaka mtoto mwenye afya kila siku katika mwaka wake wa kwanza hakuzuii ukurutu kuanza. Kwa aliyekwisha kuugua, kupaka ndiko msingi wa tiba yote.

La pili ni steroidi, na hapa kuna makosa ya pande mbili. Wapo wanaoziogopa kabisa kwa sababu wameona nyuso zilizoharibiwa na krimu za kujichubua. Wapo wanaonunua kwenye duka la dawa muhimu tyubu yenye steroidi kali, antibaiotiki na dawa ya fangasi kwa pamoja, wakaipaka kwa kila kinachowasha kwa miezi. Njia sahihi iko katikati. Haidrokotisoni kwa uso na mikunjo, betamethasoni kwa sehemu zilizokuwa ngumu, mara moja au mbili kwa siku hadi uvimbe utulie, kisha kusimama na kubaki na mafuta. Dawa iliyokamuliwa kuanzia kiungo cha mwisho cha kidole cha shahada cha mtu mzima hadi ncha inatosha eneo la viganja viwili. Kwa kuutuliza uvimbe, steroidi hupunguza S. aureus pia, na huenda hiyo ni sehemu ya sababu watoto wa utafiti wa Kong walirudi kwenye mchanganyiko wa kawaida.

Kabla ya yote hayo ni lazima ugonjwa utambuliwe. Upele huwasha usiku, hukaa katikati ya vidole na kiunoni, na huwapata wengi katika nyumba moja. Ukitibiwa kama ukurutu utaenea. Fangasi huwa na ukingo wa duara, na steroidi huuficha huku ukikua chini kwa chini. Mikono ya mkulima wa kabichi na viazi anayechanganya viuatilifu bila glavu huchubuka na kupasuka, na tiba yake ya kwanza ni kuacha kugusa sumu hiyo. Mganga wa kituo cha afya anaweza kuyatenganisha haya kwa macho na maswali machache, bila maabara.

Kwa yanayoshindikana, Tanzania ina bahati ya kuwa na Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi cha Kanda kilichopo KCMC, Moshi. Kilifunguliwa mwaka 1992, na tangu hapo kimewafundisha matabibu na wauguzi kutoka nchi nyingi za Afrika ili warudi wilayani kwao. Kutoka milimani ni safari ya kushuka hadi Mombo na kushika barabara kuu kupitia Same. Kwa familia ya mkulima nauli hiyo si ndogo, na kwa sababu hiyo tabibu mmoja wa ngozi katika kila hospitali ya wilaya angefaa kuliko krimu yoyote mpya.

Antibaiotiki zina mahali pake, na dalili zake zinaonekana kwa macho. Ute wa rangi ya asali unaokauka na kuwa gamba, usaha, ngozi yenye joto na maumivu yanayoenea, tezi zilizovimba au homa, vyote huonyesha kwamba S. aureus, au streptokoki aliyefuatana naye, ameacha kuishi juu na ameingia ndani. Streptokoki asipotibiwa anaweza kuacha madhara kwenye figo. Kuna hali moja isiyosubiri hata siku mbili: malengelenge madogo yanayofanana, yaliyotoboka katikati, yakitokea kwa wingi na maumivu juu ya ukurutu wa mtoto mwenye homa. Hicho ni kirusi cha herpesi, hakisikii antibaiotiki wala mafuta, na kinaweza kufika machoni. Mtoto huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.